Dawa ya Kuku Ni Dawa Yetu Sote



Tuanze na neno moja. Sugu, katika Kiswahili, ni ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mkulima kwa sababu ya mpini wa jembe. Siku ya kwanza mpini humchubua, siku ya pili humtoa lengelenge, na baada ya misimu miwili kiganja hakiusikii tena. Kutokana na ngozi hiyo tumepata mtoto sugu, asiyesikia karipio. Mdaiwa sugu, asiyejali barua za anayemdai. Na maradhi sugu, yasiyotaka kutoka mwilini. Wataalamu wa afya walipohitaji jina la hali ya vijidudu kutodhurika tena na dawa zilizokuwa zikiviua, walilichukua neno hilohilo na kuiita hali hiyo usugu.

Neno limechaguliwa vizuri, lakini nakuomba ulitumie kwa uangalifu, kwa maana limewapotosha wengi. Mtu akiona dawa haimsaidii husema, "Mwili wangu umeizoea dawa hii." Kauli hiyo si kweli. Wanaobadilika ni bakteria, wala si mwili wa mgonjwa. Katika kundi la mamilioni ya bakteria huwamo wachache ambao, kwa mabadiliko madogo ya vinasaba vyao, hawafi dawa inapowafikia. Dawa huwaua wenzao na kuwaachia uwanja. Bakteria akipata joto na chakula cha kutosha huweza kugawanyika wawili kabla saa moja haijatimia. Kwa hiyo haupiti muda mrefu kabla kundi zima halijawa uzao wa wale waliosalimika. Tena, baadhi ya vinasaba vya usugu huweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi kwa mwingine, hata kama hawa wawili si wa jamii moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya jambo hili liwe somo la uraia. Kama mwili wangu ndio ungekuwa sugu, hasara ingekuwa yangu, na wewe usingekuwa na neno la kuniambia. Lakini usugu umo ndani ya kiumbe kinachosafiri. Hupanda lori pamoja na trei za mayai, hushuka sokoni pamoja na kuku aliyechinjwa, hupita katika maji ya mtaro na katika mbolea inayomwagwa bustanini. Mtoto ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja anaweza kuambukizwa bakteria waliokwisha jifunza kuishinda dawa yake. Aliyewafunza ni mtu mwingine, pengine katika wilaya nyingine, pengine bila kujua kwamba anafundisha.

Hadi leo, elimu tunayopewa kuhusu viuavijasumu, yaani zile dawa ambazo wengi huziita antibiotiki, humwelekea mgonjwa peke yake. Mabango ya zahanati hutuambia tusinunue dawa bila cheti cha daktari, tusigawane vidonge na jirani, tusikatishe matibabu kwa hiari yetu. Maelekezo hayo ni ya haki, nami nakusihi uyafuate. Hata hivyo, ni nusu ya somo. Nusu ya pili imo bandani mwa kuku, na huko hakuna bango. Hoja yangu ni kwamba raia hana budi kuidai nusu hiyo ya pili, kwa sababu dawa anayopewa kuku na dawa anayopewa mtoto mchanga mara nyingi ni ndugu wa baba mmoja, na ndugu mmoja akishindwa, wa pili naye hushindwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni salmonela. Bakteria huyu huishi ndani ya matumbo ya kuku, nguruwe, ng'ombe na wanyama wengine, mara nyingi bila kuwaugulisha. Hutufikia kwa nyama isiyoiva, kwa mayai mabichi au yaliyokaangwa haraka hata kiini kikabaki kibichi, kwa maziwa yasiyochemshwa, na kwa mboga zilizomwagiwa maji machafu. Mtu mzima mwenye afya huharisha, hupata homa na maumivu ya tumbo, na baada ya siku chache hupona kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari ya kutosha. Kwa kawaida huyo hahitaji kiuavijasumu chochote, na kumpa ni kupoteza dawa.

Lakini wako watu ambao kwao salmonela haishii tumboni. Kwa mtoto mchanga, kwa mzee, kwa mtoto mwenye utapiamlo au aliyedhoofishwa na malaria, kwa mgonjwa wa selimundu, kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI bila matibabu, bakteria hawa huweza kuingia katika damu. Dalili yake huwa ni homa kali inayofanana sana na malaria, na asiyepewa kiuavijasumu kinachofaa kwa wakati huweza kufa. Watafiti wa mzigo wa magonjwa duniani walikadiria kwamba mwaka 2017 watu wapatao 535,000 walipatwa na salmonela ya damu isiyokuwa ya homa ya matumbo, na kwamba 77,500 kati yao walifariki. Sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara, na wengi walikuwa watoto wadogo. Sisemi kwamba wote waliambukizwa kwa chakula. Yako matawi ya salmonela barani kwetu ambayo yaelekea hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Nasema tu kwamba hapa ndipo dawa inapookoa maisha, na hapa ndipo inapotuponyoka. Mwaka 2019 wanasayansi walieleza juu ya tawi moja la salmonela lililopatikana katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ambalo lilikuwa na usugu dhidi ya karibu dawa zote ambazo madaktari wa huko walizitegemea kulitibu.

Sasa twende bandani. Anayefuga kuku wa mayai au wa nyama ameweka fedha zake, pengine za mkopo, juu ya migongo ya viumbe dhaifu. Vifaranga mia tano wakiugua leo, kesho hana kitu. Daktari wa mifugo yuko mbali na ada yake ni kubwa. Duka la pembejeo liko jirani, na ndani yake kuna unga wa oksitetrasaiklini, kuna enrofloksasini ya maji, na katika maduka mengi ya Afrika Mashariki muuzaji haombi cheti. Mfugaji hununua, huchanganya katika maji ya kunywa ya kuku, na huwapa wote, wazima kwa wagonjwa. Mara nyingine huwapa vifaranga kabla hawajaugua, kama mtu anayelipa bima. Mara nyingine huwapa kuku waliopatwa na kideri, ugonjwa unaosababishwa na virusi, ambao kiuavijasumu hakiugusi kabisa. Kinga yake ni chanjo. Kuku hufa vilevile, na bakteria waliomo matumboni mwa waliobaki huwa wamekwisha hudhuria darasa.

Enrofloksasini hiyo ni dada wa siprofloksasini, ambayo binadamu hutibiwa kwayo. Katika mwili wa kuku, sehemu ya enrofloksasini hugeuka kuwa siprofloksasini yenyewe. Hakuna ukuta kati ya duka la mifugo na duka la dawa za watu isipokuwa ule tunaouchora vichwani mwetu.

Je, tuna ushahidi kwamba yatendekayo bandani huonekana wodini? Tunao, na tena umepimwa. Katika jimbo la Québec nchini Kanada, vituo vya kutotolea vifaranga vilikuwa na desturi ya kuingiza dawa iitwayo seftiofuri ndani ya mayai kabla ya vifaranga kuanguliwa, ili kuwakinga na maambukizi ya siku za kwanza. Seftiofuri ni ndugu wa seftriaksoni, sindano ambayo hospitali nyingi huitegemea mgonjwa anapozidiwa, akiwamo mtoto mwenye salmonela katika damu. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba salmonela ya aina ya Heidelberg katika nyama ya kuku madukani ilikuwa imepata usugu, na kwamba watu waliougua salmonela ya aina hiyohiyo walikuwa na usugu uleule. Mwaka 2005 vituo hivyo viliamua kwa hiari kuiacha dawa hiyo. Kabla ya kuiacha, asilimia 62 ya salmonela hiyo katika nyama ya kuku ilikuwa sugu. Baada ya kuiacha, ilishuka hadi asilimia 7. Kwa watu pia usugu ulipungua. Kisha baadhi ya vituo vikairudia dawa, na usugu ukapanda tena hadi asilimia 20.

Naomba usome tena takwimu hizo tatu: 62, 7, 20. Zinakufundisha mambo mawili. La kwanza ni la matumaini: usugu si mvua ya mawe inayotuangukia kutoka mbinguni. Huongezeka watu wanapotenda jambo fulani, na wakiliacha huweza kupungua, tena kwa muda mfupi. La pili ni onyo: hiari peke yake haitoshi. Ahadi isiyokuwa na sheria nyuma yake hudumu hadi siku ambayo vifaranga wataanza kufa na faida kupungua. Wafugaji wa kuku wa Kanada walilijua hilo, na mwaka 2014 chama chao kilikataza nchi nzima matumizi ya kukinga magonjwa ya dawa zile zilizo muhimu zaidi kwa binadamu.

Najua utaniuliza swali la mfukoni. Yai ni protini ya maskini. Mwanafunzi wa Kampala hula chapati iliyokunjwa na mayai kwa sababu hana fedha za nyama. Tukiwanyima wafugaji dawa, bei ya mayai haitapanda? Swali hili ni la haki, na anayelipuuza hastahili kusikilizwa na mfugaji yeyote. Jibu langu lina sehemu mbili.

Kwanza, ziko nchi zilizotutangulia. Uswidi ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986, na wakulima wenyewe walikuwa mstari wa mbele kuomba sheria hiyo, kwa kuwa hawakutaka walaji wapoteze imani na nyama yao. Denmaki ilifuata katika miaka ya 1990, na uzalishaji wake wa nguruwe uliendelea kukua. Umoja wa Ulaya wote ukaacha matumizi hayo kuanzia Januari 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyashauri mataifa yote yasiwape wanyama wazima dawa zilizo muhimu kwa binadamu, iwe kwa kuwanenepesha au kwa kuwakinga.

Pili, na hapa nakuomba utulie, nchi hizo hazikuanza na marufuku na kuishia hapo. Uswidi ilikuwa imekwisha lipa gharama yake. Mwaka 1953 salmonela iliyotoka katika machinjio ya mji wa Alvesta iliwaugulisha maelfu ya watu na kuwaua takriban tisini. Baada ya msiba huo taifa liliweka fedha katika upimaji wa mifugo, usafi wa mabanda na wa vyakula vya wanyama, na madaktari wa mifugo. Marufuku ilipokuja, mfugaji alikuwa na kitu cha kushika mahali pa dawa. Kwetu, sheria inayomnyang'anya mfugaji unga wa dawa bila kumpa chanjo, bila kumleta daktari wa mifugo karibu na banda lake, itamfanya avunje sheria au afunge banda. Sitaki kulifanya jambo hili liwe fimbo ya kumchapia mama mwenye kuku mia mbili nyuma ya nyumba. Yeye hutumia dawa mahali pa chanjo na daktari kwa sababu dawa ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Kazi ya umma ni kuifanya chanjo iwe rahisi kupatikana kuliko dawa.

Wako pia watakaosema kwamba haya yote ni makelele, kwa kuwa moto wa jikoni huua salmonela, sugu na asiye sugu. Ni kweli kwamba moto huua. Nyama ikiiva hadi ndani, na yai likiganda lote, bakteria hufa. Basi pika vizuri, nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku mbichi, wala usikatie nyanya za kachumbari juu ya ubao uliokatia nyama. Lakini usiligeuze jiko lako kuwa ngome pekee ya taifa. Bakteria hutoka bandani kwa njia nyingi kabla ya kufika jikoni: kwa mikono ya wafanyakazi, kwa mbolea, kwa maji, kwa kalamu za mwandishi wa risiti sokoni. Na taifa ambalo usalama wake unategemea kwamba hakuna mpishi hata mmoja atakayechoka au kusahau ni taifa linalobahatisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao ufa huu uko bandani, hauko chunguni.

Basi raia afanye nini? Uganda ilikwisha kuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu, wa miaka ya 2018 hadi 2023. Kenya, Tanzania na Rwanda nazo ziliandika mipango yao. Mipango haikosi. Kinachokosekana ni watu wanaouliza imefikia wapi. Nakupa maswali matatu ambayo unaweza kuyapeleka katika mkutano wa halmashauri yako, au kwa diwani anapokuja kuomba kura.

Swali la kwanza: wilaya yetu ina madaktari wangapi wa mifugo, na mfugaji mdogo anamfikia mmoja wao kwa gharama gani? Bila jibu hilo, kudai cheti dukani ni kudai kitu ambacho hakuna wa kukiandika.

Swali la pili: vyakula vya kuku vinavyouzwa madukani kwetu vina dawa ndani yake, na kama vinayo, mnunuzi anaambiwa? Mfugaji anaweza kuwa anawapa kuku wake kiuavijasumu kila siku bila kununua chupa hata moja.

Swali la tatu: maandishi yaliyo juu ya pakiti yameandikwa kwa lugha gani? Hili linatuhusu sisi wa darasa la Kiswahili kuliko wengine. Kila dawa ya mifugo ina muda wa kusubiri, yaani siku ambazo mayai au nyama haviruhusiwi kuuzwa baada ya kuku kupewa dawa. Mara nyingi muda huo umechapishwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, na pakiti husomwa na mtu aliyeacha shule darasa la tano. Mayai ya Uganda huvuka mpaka kwenda Sudan Kusini na Kongo, na katika masoko mengi ya mipakani Kiswahili ndiyo lugha ya kupatana bei. Lugha inayotosha kuuzia yai inatosha pia kuandikia onyo lake, sambamba na lugha za mama za wafugaji. Kudai hilo si anasa ya wapenda lugha.

Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Idadi kubwa kama hiyo huchosha masikio, na mwanafunzi akiisikia huinua mabega. Afadhali umfikirie mtoto mmoja mwenye homa, usiku, katika kituo cha afya chenye aina mbili tu za sindano kabatini. Muuguzi hana maabara ya kumwambia ni bakteria gani. Atachagua sindano mojawapo na kungoja mapambazuko. Kama sindano hiyo itafanya kazi au haitafanya, sehemu ya jibu iliamuliwa miezi mingi kabla, katika ndoo ya maji ya kuku, na watu ambao mtoto huyo hatawajua kamwe.

Juma hili, ukinunua mayai, mwulize muuzaji yametoka kwa nani na kuku wamechanjwa au la. Muulize kwa adabu, kama mteja anayetaka kurudi. Huenda hatajua. Juma lijalo, mteja wa pili akiuliza swali hilohilo, naye atamuuliza mfugaji wake.